Watu wa risechi wanatafuta nini huku kwetu Kigoma? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mdodosaji, hapa Kigoma na mara mojamoja Tabora. Yaani yule mtu wa begi mgongoni na tableti mkononi anayepiga hodi anasema "natokea kwenye utafiti wa chuo". Mwezi huu nipo mwaloni Kibirizi nauliza bei ya dagaa, mwezi ujao nipo Kasulu nauliza mama alijifungulia wapi, kabla ya hapo nilikuwa Urambo kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Kazi zinabadilika lakini maswali ninayoulizwa mlangoni ni yaleyale, na nimekuwa nikiyajibu harakaharaka kwa sababu dodoso ni refu na jua linazama. Hapa nimeyajibu kwa kutulia.

## Mambo ya mwanzo

Utafiti wa chuo una tofauti gani na sensa au watu wa mradi?

Sensa inahesabu kila mtu, ndo maana ile ya mwaka 2022 ilitukuta wote na kusema mkoa wa Kigoma una watu zaidi ya milioni 2.4. Watu wa mradi wanaleta kitu, kisima au mbegu au mafunzo. Mtafiti wa chuo yeye analeta swali. Kuna jambo halijulikani, au linajulikana kwa kusikia tu, na anataka kulijua kwa njia ambayo mtu mwingine akirudia ataweza kuona kama amesema kweli. Kwahiyo ukimuuliza "umetuletea nini" mara nyingi atakosa jibu, na hapo hajaficha kitu. Swali zuri la kumbana nalo ni lingine, nimelieleza kule chini kwenye swali la majibu kutorudi.

Mbona kila anayekuja anachunguza kitu tofauti? Hawapangi?

Wanapanga, ila kila fani ina jicho lake. Chukua tumbaku ya Tabora. Mtu wa misitu anahesabu magogo yanayoingia kwenye bani, maana tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa moto na kuni zinatoka kwenye misitu ya miombo. Mtu wa afya anamuangalia mchumaji, kwa sababu majani yakiwa na umande nikotini inapenya kwenye ngozi na mtu anapata kichefuchefu na kizunguzungu hata kama hajawahi kuvuta sigara maishani. Mchumi anataka daftari la madeni ya chama cha msingi, mkulima alikopa mbolea shilingi ngapi na msimu umeisha amebaki na ngapi. Wa jamii anauliza nani analala bani usiku kuchochea moto, baba au mtoto wa shule. Wa nyuki naye analalamika miti imeisha na mizinga ya magome inazidi kuiumiza.

Wote hao wamesimama kwenye shamba moja. Ukisoma kazi ya mmoja tu utaona tumbaku ni hela, au ni ugonjwa, au ni ukataji miti, na kila mmoja atakuwa na takwimu zake sahihi kabisa. Mimi nimepita kwenye hayo mashamba na madodoso mawili tofauti na naamini hakuna hata moja lingetosha peke yake.

Vyuo vyenyewe ni vipi?

Wengi wanatoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Sokoine kule Morogoro, Muhimbili, na vyuo vya nje. Chuo Kikuu Huria kina vituo Kigoma na Tabora, Tabora kuna AMUCTA (chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo), na Muhimbili wanajenga kampasi hapahapa Kigoma. Alafu kuna taasisi za serikali ambazo sio vyuo lakini wanafanya kazi bega kwa bega navyo, kama TAFIRI ya samaki na TARI ya kilimo.

## Ziwani

Dagaa wamepungua kweli au ni wavuvi wamekuwa wengi?

Hili ndo swali namba moja mwaloni, na jibu ni kwamba vyote viwili vipo, ila wanasayansi bado wanabishana kipi kizito zaidi.

Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470 na chini kabisa hakuna oksijeni. Chakula cha vijimea, yaani vimimea vidogo sana vya majini, kinazama na kubaki huko chini. Ili kirudi juu inabidi maji yachanganyike, na kazi hiyo inafanywa na upepo, hasa kusi ya kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule unashindwa kuyakoroga. Vijimea vinapungua, vidudu vinavyokula vijimea vinapungua, dagaa wanapungua, na migebuka anayekula dagaa naye anakonda.

Mwaka 2003 watafiti walichapisha hesabu zao wakakadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ziwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo linaweza kushusha samaki kwa karibu asilimia 30. Mwaka 2016 wengine walisoma tope lililochimbwa chini ya ziwa, tope linajipanga mwaka juu ya mwaka na ndani yake kuna mabaki ya samaki, wakaona kupungua kulianza hata kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara. Lakini hakuna anayesema uvuvi hauna lawama. Mitumbwi ni mingi kuliko zamani, na nyavu za matundu madogo zinazoa hata wachanga. Ndo sababu ya kufunga ziwa miezi mitatu, kama ilivyofanyika kuanzia tarehe 15 Mei 2024. Kufunga kunasaidia upande wa uvuvi, upande wa joto hakugusi, na nadhani wavuvi walistahili kuelezwa hivyo waziwazi.

Kwanini wazungu wanahangaika na vile visamaki vya mapambo ambavyo hata havijazi sahani?

Kwa sababu hakuna kwingine duniani. Kuna jamii kama 240 za samaki wa ukoo huo (sikilidi) humu ziwani na karibu wote ni wa hapa tu. Wametokana na mababu wachache, wakagawanyika humuhumu, huyu meno ya kukwangua mawe, yule wa kula magamba ya wenzake, mwingine anaishi ndani ya gamba la konokono. Chuo Kikuu cha Basel cha Uswisi walisoma vinasaba vya karibu jamii zote na kutoa matokeo mwaka 2021. Wanachotafuta ni namna kiumbe kimoja kinavyokuwa viumbe vingi, na ziwa lenye umri wa karibu miaka milioni 10 limewawekea mfano tayari.

## Sokwe na misitu

Ni kweli wanaokota mavi ya sokwe? Ya nini?

Kweli kabisa, na hakuna cha kucheka hapo. Sokwe huwezi kumkamata ukamtoa damu kila mwezi, utamuumiza na utamfukuza. Mavi yanatoa vinasaba (mtoto huyu baba yake nani), homoni za msongo, minyoo, na virusi. Kwa mavi na mikojo ya sokwe wa hifadhi ya Gombe ndo iligundulika, na kuchapishwa mwaka 2009, kwamba virusi vya SIV vya sokwe, ndugu wa karibu wa VVU, vinawaua. Kabla ya hapo iliaminika haviwadhuru. Sokwe mwenye maambukizi alikuwa na hatari ya kufa kubwa kuliko mwenzake wa rika lake kwa mara 10 hadi 16. Kwa mtu yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa UKIMWI nyumbani, sioni kama hilo ni jambo la sokwe peke yao.

Gombe kila mtu anaijua. Kuna kingine?

Kipo. Kwenye hifadhi ya Mahale, Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani wapo tangu 1965, miaka mitano tu baada ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall kufika Gombe Julai 1960. Watu wa Kalya na vijiji vya jirani wameshika kazi hiyo kwa vizazi. Alafu kuna bonde la Issa upande wa Ugalla, ambako sokwe wanaishi kwenye miombo mikavu yenye miti iliyoachana. Kule waliuliza swali kubwa, kwamba binadamu alianza kusimama kwa miguu miwili kwa sababu misitu iliisha akashuka chini? Matokeo ya 2022 yakasema hapana kirahisi hivyo. Sokwe wa Issa waliposimama wima, zaidi ya asilimia 85 ya hizo mara walikuwa juu ya miti, sio chini. Jambo lililokuwa linafundishwa kwa miaka mingi limetikiswa na miombo ya kwetu.

Sasa hayo yanamsaidia nini mtu asiye na maji ya bomba?

Moja kwa moja, mengine hayamsaidii, na mtafiti anayejibu swali hili kwa maneno matamu anakosea. Utafiti mwingine ni wa kujua tu. Ila angalia Gombe. Walianza na sokwe, miaka ya tisini mwanzoni wakaona vilima vyote nje ya hifadhi vimebaki vipara, ikabidi wawaulize watu wa vijijini wanahitaji nini, na kuanzia 1994 mradi wa TACARE ukaingia kwenye miche, maji, afya ya mama na mipango ya matumizi ya ardhi. Walilazimika kuwa watu wa jamii ili waweze kubaki watu wa sokwe. Ningependa watafiti wengi wafike hapo mapema zaidi.

## Shambani

Kwanini wanatukataza kupanda mbegu zilizoota chini ya mchikichi wa kisasa?

Michikichi ipo ya aina tatu. Dura ina ganda nene na nyama kidogo, ndo ile ya babu zetu. Pisifera haina ganda ila kwa kawaida matunda yake hayakomai. Ukizikutanisha hizo mbili unapata tenera, ganda jembamba na nyama nyingi, mawese mengi. Tatizo ni kwamba tenera haizai tenera tupu. Tenera ikichavushwa na tenera mwenzake, katika mbegu nne utarajie moja dura, mbili tenera, moja pisifera. Na hutajua mpaka mti uzae, umeshapalilia miaka mitatu minne. Kinasaba chenyewe cha ganda watafiti wa Malaysia walikitambua mwaka 2013, kwahiyo siku hizi mche unaweza kupimwa ukiwa bado mdogo. Hapa kwetu kituo cha michikichi ni TARI Kihinga, nenda pale, uliza miche.

Alikuja mtu akang'oa mihogo yangu mitano akaikata katikati, ni haki?

Kama alikuomba na akakulipa au mkakubaliana, ndio. Ugonjwa wa batobato unauona kwenye jani, lakini ule wa michirizi ya kahawia unadanganya, shamba linaweza kuwa la kijani zuri na muhogo ndani umeshaoza. Bila kukata huwezi kujua. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza Amani, Tanga, mwaka 1936, na unasambazwa na inzi weupe na sisi wenyewe tunapopeana vipando. Kama hakukuomba, soma kule chini sehemu ya "Akija nyumbani kwako".

## Watu, kambi na historia

Wanaotuhoji kuhusu wakimbizi wanataka tuseme wafukuzwe au wabaki?

Mdodosaji mzuri hatakiwi kutaka chochote. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996 na karibu kila mtu Kasulu ana maoni yake, kuni zimeisha, au biashara ilikuwa nzuri, au vyote. Utafiti unajaribu kutenganisha. Uliofanywa kuhusu wimbi la miaka ya tisini mwanzoni kaskazini magharibi mwa nchi ulionyesha kwamba bei za vyakula visivyogawiwa kwenye msaada zilipanda sana, vile vya msaada kidogo tu, na kaya za vijijini jirani na kambi zikapata nafuu ya maisha wakati za mjini ziliumia. Kwahiyo mkulima aliyesema "tulifaidika" na mfanyakazi wa mjini aliyesema "tuliteseka" wote walisema kweli.

Tabora nako kuna Ulyankulu, makazi ya waliokuja kutoka Burundi mwaka 1972. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walipewa uraia wa Tanzania, na maswali yanayofanyiwa kazi pale ni ya ardhi, shule na utambulisho. Kwa kweli ukikaa na wazee wa pale jioni moja utaelewa kwanini dodoso la kuweka tiki halitoshi, mtu anataka kusimulia.

Historia nayo ni utafiti? Si tayari ilishatokea?

Ilitokea lakini haikuandikwa yote, na nyingine iliandikwa vibaya. Uvinza waakiolojia walichimba kwenye chemchemi za chumvi miaka ya sitini wakakuta watu walikuwa wanachemsha chumvi pale tangu takriban karne ya 5 au ya 6. Kabla ya hapo ungeambiwa biashara huku ililetwa na misafara ya pwani. Wapagazi wa Kinyamwezi nao, wengi wetu tulikua tukiamini wote walikuwa watumwa, kumbe wanahistoria wameonyesha wengi walikuwa vibarua wa kulipwa, wenye taratibu zao na hata migomo yao. Kama una mzee nyumbani Ujiji au Tabora, mrekodi, hata kwa simu.

## Akija nyumbani kwako

Nitajuaje kama ni mtafiti kweli?

Muombe barua. Mtafiti kutoka nje anatakiwa awe na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Akigusa afya lazima apitie maadili ya utafiti wa afya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), akigusa wanyamapori kuna TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori). Mwanafunzi wa chuo cha hapa nchini anabeba barua ya chuo chake. Akitaka kuingia kambini kwa wakimbizi anahitaji ruhusa ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Baada ya hapo anashuka ngazi, mkoa, wilaya, kata, mtendaji wa kijiji, ndo aje kwako na mwenyekiti wa kitongoji akijua. Hata hivyo barua ya mkoa haimpi haki ya kuingia kwako. Hiyo unatoa wewe, kwenye fomu ya ridhaa, baada ya kusomewa kwa lugha unayoielewa. Kama ni Kiha, aseme kwa Kiha au alete anayekijua.

Nikikataa, je? Na nikianza alafu nikachoka?

Unakataa, basi. Unaacha katikati, basi. Huwezi kunyimwa dawa zahanati wala mgao kambini kwa sababu hiyo, na akikutishia hivyo, mripoti kwa mtendaji na kwa namba iliyo kwenye fomu.

Damu wanapeleka wapi? Huku wanasema ni mumiani.

Hofu hiyo ni ya zamani na siidharau, watu wa nyuma walichukuliwa vitu vingi bila kuelezwa. Kidole kinachotobolewa kinatoa matone machache, ya malaria au wingi wa damu. Ya mshipani ni kijiko kimoja au viwili vya chai. Fomu inatakiwa iseme inapimwa nini, wapi, itatunzwa muda gani, na kama itasafiri nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kusafirisha sampuli. Una haki ya kukubali mahojiano ukakataa damu. Kwa mtoto, mzazi anaridhia, na mtoto mkubwa anayeelewa naye anaulizwa.

Kwanini jirani amehojiwa mimi nikarukwa? Na kwanini wengine wanarudiwa miaka nenda rudi?

Mnunuzi wa dagaa mwaloni hapimi gunia zima, anachota huku, anachota kule, na haruhusu muuzaji amchagulie wa juu. Nasi tunachota hivyohivyo, orodha ya kaya inachanganywa na kompyuta inataja namba. Mwenyekiti akituambia "nendeni kwa fulani ana maneno mazuri", tukienda tumeshaharibu.

Wanaorudiwa ni kwa sababu maisha hayaonekani kwa siku moja. Kagera kaya zilihojiwa 1991 mpaka 1994, watu walewale wakatafutwa tena 2004 na 2010 hata waliohama. Ndipo ilipoonekana kwamba waliohama maisha yao yaliboreka kwa kasi kuliko ndugu zao waliobaki. Bila kurudi usingejua.

Nikisema sina ng'ombe wakati ninao, kuna ubaya gani? Labda tutapata msaada.

Mtafiti hana orodha ya msaada. Ukificha ng'ombe, kijiji kinaandikwa hakina mifugo, na siku mtu akipanga majosho akitumia takwimu hizo atawaruka. Usipotaka kujibu sema "hilo sijibu", inaandikwa hivyo na tunaendelea. Jina lako linatenganishwa na majibu, na tangu 1 Mei 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayolinda taarifa zako.

## Maswali magumu

Mbona mnachukua majibu na hamrudi?

Hili linaniuma. Kuna kijiji nilihoji akina mama kwa wiki tatu, kazi ya chuo kimoja, nikawaambia kama nilivyoambiwa niseme, "matokeo yataletwa". Miaka miwili baadaye nimepita pale na kazi nyingine, mama mmoja akanitambua, akaniuliza, "Mwanangu, yale tuliyokwambia yaliishia wapi?" Sikuwa na jibu. Baadaye nikakuta makala mtandaoni, kwa Kiingereza, majibu yake yamo ndani kabisa, tena ni ya maana. Nikampigia simu mtendaji nikaomba dakika kumi kwenye mkutano wa kijiji nikawasomea kwa Kiswahili mwenyewe. Walikaa kimya wakisikiliza, kisha wakasahihisha mambo mawili ambayo watafiti walikosea.

Kwahiyo kabla hujasaini uliza, mrejesho utaletwa lini, na nani, kwa lugha gani. Mtendaji aandike jibu kwenye daftari la wageni. Utafiti ukiwa na bajeti ya tiketi za ndege na hauna bajeti ya mkutano mmoja wa kijiji, hapo kuna shida na ni haki kuisema.

Naweza kuzipata hizo makala mwenyewe?

Nyingi, ndio. Maktaba za mtandaoni za vyuo vya Dar es Salaam na Sokoine zina tasnifu za bure, andika jina la wilaya yako kwenye kutafuta, utashangaa. Makala ikidai dola, mwandikie mwandishi barua pepe, wengi wanakutumia bila malipo.

Nataka kazi ya udodosaji au ufuatiliaji wa sokwe, lazima digrii?

Udodosaji siku hizi wanataka angalau form six au diploma, na lugha ya eneo inakubeba. Hakuna kulipia nafasi, anayekuomba hela ya fomu ni tapeli. Msituni cheti sio kila kitu. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa waliteka watu wanne Gombe, wanafunzi wa nje wakaondoka, na waliobaki kuandika kila siku sokwe amekula nini na amelala wapi ni wafanyakazi wa Kitanzania wa hapahapa. Rekodi hiyo ndefu inayosifiwa duniani imeshikiliwa na mikono yao.

Nina jambo langu nimeliona miaka mingi, nataka litafitiwe. Nianzie wapi?

Liandike kwenye karatasi moja. Umeona nini, wapi, tangu mwaka gani, na unadhani sababu ni nini. La samaki peleka TAFIRI Kigoma, la mazao TARI, la jamii au historia kituo cha Chuo Kikuu Huria, kuna wanafunzi wa masta wanahangaika kutafuta mada. Kama unaweka kumbukumbu, nenda nazo. Nimewahi kuona daftari la mvuvi wa Katonga, kila usiku wa giza ameandika idadi ya makarai ya dagaa, upepo ulitoka wapi na taa aliwasha ngapi, kurasa zimelowa mafuta ya taa. Mtafiti niliyekuwa naye aliomba ruhusa akapiga picha ukurasa mmoja mmoja mpaka simu ikaisha chaji, na kesho yake asubuhi akarudi kumalizia.